Mpango wa kufufua mto umepita. Pesa zake ziko ukurasa gani?

Hoja ikifika mwisho katika bunge la kaunti, mambo huenda mbio. Spika anauliza, wanaounga mkono wanasema ndiyo, wanaopinga wanasema la, na upande wenye sauti nyingi unashinda. Madiwani wanashangilia, kamera zinamulika, na kabla ya chajio ujumbe umefika kwenye simu yako: kaunti yaidhinisha mpango wa kufufua mito na misitu. Unabonyeza alama ya moyo, unasonga kwenye video ya mtu anayecheza densi.

Ngoja kidogo. Kama kuna siku ya kumkazia macho diwani wako, ni siku hiyo na miezi kumi na miwili inayofuata. Mipango ya kurejesha mazingira tunaitaka, na tunaitaka haraka. Lakini kijana anayeshangilia mpango ukipita bila kuuliza pesa zake ziko ukurasa gani anasaidia kuuzika.

Tuuchukue Mto Nairobi, kwa sababu wengi wenu mnaufahamu, angalau kwa harufu. Unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu, Kaunti ya Kiambu. Huko bado kuna matete na ndege wa majini. Unaingia jijini, unapita Chiromo na Museum Hill, unafika Globe, unapokea oili chafu ya gereji za Grogan na taka za Gikomba. Ukifika Korogocho na Dandora unapita kando ya jaa lililotangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, lakini malori bado yanamwaga pale kila siku. Mito ya Mathare na Ngong nayo inaleta ya kwake kutoka Mathare, Kibera, Eneo la Viwanda na Mukuru. Baadaye jina linabadilika: unakuwa Athi, halafu Galana ukikata mbuga ya Tsavo, halafu Sabaki, na mwisho wake ni Bahari Hindi, kaskazini kidogo mwa Malindi.

Kwa hivyo ile chupa ya plastiki unayoitupa kwenye mtaro Eastleigh inaweza kusafiri hadi Pwani bila kulipa nauli. Na njiani kuna mashamba ya mboga yanayonyunyiziwa maji hayo hayo. Sukuma hiyo haibandikwi lebo. Inaingia sokoni, inakatwakatwa, inafika kwenye kibanda unachokula mchana. Ukisikia mtu akisema mambo ya mito ni ya watu wa mazingira na wazungu wa Karen, muulize alikula nini jana.

Sasa fikiria bunge la kaunti moja, tuseme lile la Nairobi lenye wadi 85, limepitisha mpango mzuri kabisa. Mpango huo haumlazimishi mtu yeyote Kiambu, ambako mto unaanzia. Haumsaidii mkulima wa Machakos anayeyapokea maji yakiwa yameshaharibika, wala mvuvi wa Kilifi. Mto hausimami kwenye mpaka wa kaunti kuonyesha kitambulisho. Ibara ya 189 ya Katiba inaruhusu kaunti na serikali kuu kuunda kamati na mamlaka za pamoja, kwa hivyo hakuna anayeweza kusema sheria imemfunga mikono. Ukisoma mpango wa kaunti yako, hilo liwe swali la kwanza: majirani wako wapi humu ndani? Kama jibu ni sentensi moja kwamba kaunti "itashirikiana na wadau", hapo hakuna kitu.

Wengine watasema, lakini si serikali kuu tayari iko kazini? Ni kweli. Mpango wa Climate WorX ulianza mwaka 2024, ukaajiri vijana kusafisha kingo za mto, na Machi 2025 Rais William Ruto akazindua rasmi mradi wa kufufua kipande cha takriban kilomita 27 cha Mto Nairobi. Vijana waliopata kibarua pale wamefanya kazi ngumu na chafu, na hatuwezi kuibeza. Mtu anayeshika reki asubuhi kando ya mto ule anastahili heshima kuliko wengi wanaovaa suti kuuzungumzia.

Lakini kumbuka Kazi Mtaani. Ilianza mwaka 2020 wakati wa Covid-19. Mitaro ikazibuliwa, vichaka vikafyekwa, vijana wakapata pesa ya unga. Programu ikaisha, taka zikarudi. Si kwamba watu wa mtaani wanapenda uchafu. Taka zinarudi kwa sababu lori la kuzizoa halifiki, na maji ya choo yanaingia mtoni kwa sababu bomba la majitaka halipo au limepasuka. Ukiokota mifuko ukingoni huku majitaka yakimwagika mita mia moja juu yako, utaokota hadi uzeeke. Kuzoa taka na kudhibiti maji ya mvua ni kazi za kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Mradi wa kitaifa unaweza kuja na kamera zake na kuondoka. Lori la taka la kila Jumanne ni la kaunti, na linategemea kura ya diwani wako.

Turudi kwenye pesa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 104, inasema pesa za umma hazitengwi bila mpango ulioandaliwa na serikali ya kaunti na kuidhinishwa na bunge lake. Hii ndiyo maana ya ile "ndiyo" ya madiwani: inafungua mlango wa pesa. Kuufungua tu. Mlango ukiwa wazi na hakuna anayepita, mpango unakaa kwenye rafu ukila vumbi, na miaka mitano baadaye unaandikwa mwingine wenye jalada jipya na picha ile ile ya korongo.

Pesa zenyewe zina kalenda yake, na kalenda hii ingefaa uijue kama unavyojua ratiba ya ligi. Kufikia Septemba 1 kaunti inapeleka bungeni mpango wa maendeleo wa mwaka, ule unaoitwa ADP. Kufikia Februari 28 inapeleka waraka wa mkakati wa fedha, ambao ndio unaosema kila idara itapata kiasi gani. Kufikia Aprili 30 makadirio ya bajeti yanawasilishwa, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Wengi wetu huamka Juni, wakati kila mtu anazungumza bajeti. Kufikia Juni vyombo vimeshaoshwa. Idara ya mazingira ikinyimwa pesa, kwa kawaida ilinyimwa Februari, kwenye waraka ambao mtaani kwako hakuna aliyeusikia.

Ndiyo, tunajua mikutano ya maoni ya umma huitwa siku ya kazi, saa nne asubuhi, kwenye ukumbi ulio mbali na stegi. Tunajua pia kuna wanaokuja kwa ajili ya soda na nauli. Lakini maoni unaweza kuyaandika. Ukurasa mmoja, kwa barua pepe, kwa karani wa bunge la kaunti, ukitaja wadi yako, mto wako na nambari ya ukurasa unaoulalamikia. Kamati ikipokea barua kumi za aina hiyo kutoka wadi moja, mwenyekiti hawezi kusema wananchi hawakujitokeza.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linalotukera zaidi. Mipango ya kufufua mito ina tabia ya kuanzia kwa maskini na kuishia hapo hapo. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini. Mathare ilipigwa vibaya. Maji yalipopungua, yakaja matingatinga, na familia zilizookoa godoro moja zikavunjiwa hata mabati yaliyobaki, kwa hoja kwamba ziko ndani ya mita 30 za mto. Kukaa pale ni hatari, hilo halina ubishi, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayetaka mtoto alale mahali ambapo mto unaweza kuingia usiku. Ila sheria na kanuni zetu zenyewe zimekuwa zikitaja vipimo tofauti vya ukingo, kuanzia mita 6 hadi 30, kutegemea umeishika kanuni gani. Kipimo kikivutwa kama mpira, ujue kitamnyooka nani na kitamkunjikia nani.

Tena tunajua kwamba wenye majengo makubwa wanaweza kuguswa, kwa sababu waliwahi kuguswa. Agosti 2018 matingatinga yalibomoa South End Mall kwenye Barabara ya Lang'ata na Ukay Centre kule Westlands, yote kwa sababu ya kujengwa kwenye njia ya mto. Jiji lote lilisimama kutazama. Halafu moto ule ukapoa. Kwa hivyo mpango wowote utakaoletwa mbele ya diwani wako unapaswa kuwa na ramani inayoonyesha kila kilicho ukingoni, kibanda na ghorofa, bila kuficha, na uonyeshe anayehamishwa anahamia wapi na kwa pesa gani. Mpango usiojibu hilo unatupa jina zuri la ubomoaji, na vijana wa Mukuru na wa Kiambiu hawahitaji kuelezwa zaidi.

Mukuru, kwa njia, ni mfano wa kinyume unaofaa kuusoma. Mwaka 2017 Mukuru kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani vilitangazwa kuwa eneo maalum la upangaji, na wakazi wenyewe wakakaa vikao kusema barabara ipite wapi, maji yaje vipi, zahanati iwe wapi. Haikuwa kamilifu, na eneo hilo limeona ubomoaji mchungu baadaye. Lakini ilithibitisha kwamba ukimuuliza mkazi wa mtaa wa mabanda maji ya mafuriko huingilia wapi, anakuonyesha kwa kidole, na ni sahihi kuliko ramani ya mshauri aliyelipwa mamilioni. Na kule Korogocho kikundi cha vijana cha Komb Green kimegeuza ukingo uliokuwa jalala kuwa bustani ya watu kupumzika. Hawakusubiri hoja ipite. Wanachokosa vijana wa aina hiyo kila mahali ni hakikisho la maandishi kwamba kesho hapatatokea mtu na hati ya kumiliki ploti hiyo. Hilo hakikisho ndilo mpango wa kaunti unaweza kuwapa, ukiandikwa kwa nia njema.

Usije ukadhani maandishi pekee yanatosha, lakini. Karura ilitangazwa msitu wa serikali tangu 1932. Gazeti rasmi la serikali halikuizuia kukatwakatwa na kugawiwa wenye nguvu katika miaka ya tisini. Iliyouokoa msitu ule ni ghasia ya watu: Wangari Maathai na wenzake waliovamiwa na kupigwa Januari 1999 wakienda kupanda miche, wanafunzi wa vyuo walioandamana, makasisi, wabunge. Tuzo ya Nobel ilikuja 2004. Leo unakimbia mle Jumamosi asubuhi na kupiga selfi kwenye maporomoko.

Tuseme kidogo kuhusu miti, maana kila mpango wa kaunti umejaa miti. Serikali inalenga miti bilioni 15 kufikia 2032 na kurejesha hekta milioni 10.6 za ardhi iliyoharibika. Novemba 13, 2023 tulipewa siku ya mapumziko kupanda. Ulipanda? Umewahi kurudi kuuangalia? Kuhesabu miche ni rahisi, na ndiyo sababu wanasiasa wanaipenda. Katiba, Ibara ya 69, inataka angalau asilimia 10 ya nchi iwe na miti, na tathmini ya kitaifa ya 2021 ilipata asilimia 12.13. Tumepita, sivyo? Lakini ukihesabu misitu yenyewe, tathmini hiyo hiyo ilipata asilimia 8.83. Na mazingira si miti peke yake. Kinamasi cha Ondiri hakihitaji mikaratusi ya kukifyonza. Kinahitaji kuachiwa maji yake. Nyika iliyo kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ambako nyumbu na pundamilia hutoka kwenda malishoni Kitengela, inahitaji nyasi na nafasi isiyo na ua wa seng'enge. Mtu akikuletea mpango wa kufufua nyika kwa kupanda miti milioni moja, muulize kama ameshafika huko.

Huu ugonjwa wa kupitisha karatasi si wetu peke yetu. Uingereza, kwa Sheria ya Mazingira ya 2021, imeigawa England katika maeneo 48, na kila eneo linatakiwa kuwa na mkakati wake wa kurejesha maumbile, mabaraza ya mitaa yakiwa na usemi mkubwa. Mikakati hiyo ina ramani nzuri. Lakini haimlazimishi mwenye shamba kubadilisha chochote, na mabaraza yanapotoa vibali vya ujenzi yanatakiwa tu kuizingatia. Neno "kuzingatia" lina tumbo kubwa. Litafute kwenye mpango wa kaunti yako, uhesabu limetumika mara ngapi mahali ambapo pangeandikwa "ni marufuku" au "italipa".

Na mahakama je? Tayari tumepita huko. Mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi jijini Nairobi iliamuru uchafuzi wa mito ya Nairobi na Athi ukomeshwe na jaa la Dandora lihamishwe. Jaa liko pale pale. Hatusemi mahakama haina maana. Ibara ya 70 inakuruhusu kwenda kortini kutetea mazingira hata kama wewe binafsi hujaumia, na hiyo ni silaha ambayo wenzako katika nchi nyingi hawana. Ila amri ya jaji isiyo na pesa kwenye bajeti hukutana na ukuta ule ule unaokutana na mpango usio na pesa.

Kwa hivyo ukisikia kaunti yako imepitisha mpango, utafute. Usipoupata kwenye tovuti, na mara nyingi hutaupata, Ibara ya 35 inakupa haki ya kuuomba, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Kuwasilisha ombi ni bure. Andika: naomba nakala ya mpango ulioidhinishwa, na naomba nionyeshwe kiasi kilichotengewa utekelezaji wake katika bajeti ya mwaka huu, kwa kila wadi. Usiongeze maneno makali, yatawapa sababu ya kukukasirikia badala ya kukujibu. Weka nakala na tarehe.

Fanya hivyo kabla mpango wa sasa wa miaka mitano, ule wa 2023 hadi 2027, haujakwisha. Kuna uchaguzi Agosti 2027, na baada yake kila kaunti itaandika mpango wa kuanzia 2028 hadi 2032. Watakaoombea kura zako watakuja na jezi, mipira na ahadi ya mto wa kuogelea. Ukiwa na barua yako mkononi na jibu la kaunti, au ushahidi kwamba hawakujibu, utakuwa na la kumuuliza diwani anayetaka kurudi: ulisema ndiyo siku ile, halafu Februari ulipigia kura shilingi ngapi?